Nimekikalia Chungu Chako

Mwanangu Atuganile,

Darasani tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako. Mimi si mzima. Makalio yananiuma tangu saa nne asubuhi, na aliyesababisha ni wewe. Hofu juu yako sina. Mtoto aliyerushiwa chaki na mwalimu, akaidaka, akamrudishia kwa shabaha nzuri kuliko ya mwalimu, huyo hata akipelekwa mwezini nitalala usingizi.

Wewe na mama yako mko Kyela mnachagua vitenge. Jioni mtumbwi utakapowashusha hapa ufukweni, watu watawapokea kabla hamjakanyaga mchanga. "Mzee Karani amerukwa na akili! Ameingia shimoni! Amekalia chungu cha Atuganile kama kuku anayeatamia!" Ni kweli tupu, isipokuwa hilo la akili. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani, jua likiwa bado juu, niandike upesi, uyasikie kwangu hata kama watakuwa wamekwisha kukusimulia. Kesho alfajiri unaondoka. Mtumbwi hadi Mwaya, gari hadi Kasumulu, daraja la Songwe mpakani, kisha Karonga kwa huyo Yona wako, muuza sabuni na betri. Masikio yake ni makubwa, sitaficha, lakini nimemchunguza na nimeona anayatumia kusikiliza. Nimemsamehe.

Mambo ya chumvi, mkwe, na namna ya kujibu wifi mkorofi atakuambia mama yako. Mimi mkwe nilimwogopa mpaka alipokufa, sina la kukufundisha. Nina jambo moja tu, nalo ni baya, ni langu, na nimelificha miaka mingi kuliko umri wako.

Nitakusimulia kana kwamba hujui lolote, maana huenda siku moja watoto wako wa Karonga wakaisoma barua hii na wasielewe babu yao alikuwa anakalia nini.

Chini ya mlima wetu kuna shimo la udongo. Udongo ule ndio kijiji chetu. Wanaume tunavua, ndiyo, lakini ziwa likikasirika wiki mbili ni vyungu vinavyotulisha, na vyungu ni vya wanawake. Shimo halina mwenyewe, na lina wenyewe wote. Kila mwanamke ana mahali pake pa kuchimba, alipopokea kwa mama yake. Hakuna ukuta wala karatasi. Ukingoni mwa mahali pake anafunika chungu kimoja alichofinyanga kwa mkono wake, mdomo chini, tako juu. Ukikiona umejua: hapa pana mtu. Mwanaume hakanyagi. Bibi mkuu wa shimo ndiye anayesema lini panachimbwa, lini panapumzika, nani kakosa, nani alipe jogoo. Mkoloni alikuja akatukuta hivyo, akaondoka akatuacha hivyo.

Msichana akiolewa mbali, siku moja kabla ya kuondoka wanawake wanakwenda shimoni na mchi, wanakivunja chungu chake, wanapiga vigelegele, na mahali pake anapewa mwingine. Mwenyewe hayupo. Hutumwa mahali. Wewe umetumwa vitenge.

Siku yako ilikuwa leo. Nilikwenda kabla yao, nikakikalia.

Sasa kwa nini.

Unalijua lile daftari lenye jalada la bluu ambalo Bibi Ambwene, mkuu wa shimo wa sasa, huliweka kwenye mkoba pamoja na ugoro wake. Daftari la Sheria za Shimo. Mwandiko ule ni wangu, na kwa huo nikaitwa Karani, jina nililolivaa kama kofia hadi leo. Enzi tunakusanywa kwenye vijiji, afisa mmoja alikuja na mtumbwi, viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini, akasema serikali inataka kila kijiji kiwe na desturi zake kwa maandishi, zisije zikapotea. Tulicheka. Desturi zipotee ziende wapi? Lakini wazee wakaona si vibaya, wakatafuta anayejua kuandika. Mimi nilikuwa na darasa la nne na nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyonifukuzisha shule, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Bibi mkuu wakati ule alikuwa mama yake Bibi Ambwene, kikongwe mwenye jicho moja lililoona kuliko mawili. Alikaa juu ya kinu, mimi chini na daftari, yeye anasema kwa Kikisi, mimi nageuza kwa Kiswahili na kuandika. Tulianza asubuhi. Jogoo kwa anayechimba siku ya mapumziko, nikaandika. Anayeiba udongo wa mwenzake, nikaandika. Mpaka jua likawa utosini na tukafika kwenye habari ya anayeolewa nje.

Akasema, "Akiolewa nje, chungu chake kinavunjwa, mahali pake anapewa mwingine."

Nikaandika. Ukurasa ukaisha hapo hapo, mstari wa mwisho kabisa. Na nyuma ya nyumba mama yako alikuwa anachoma mbasa. Wewe unamjua mbasa wa kwetu, mafuta yanapodondokea kaa la moto. Alikuwa mnene kama mkono wa mtu mzima, na wali mpya.

Bibi akaendelea. "Akirudi, kwa kufiwa au kwa kufukuzwa au kwa kuchoka, aje na samaki na unga, awaambie wenzake nimerudi. Wanakula pamoja, wanabanana kidogo kidogo hadi apate mahali, anafunika chungu kingine. Udongo haumkatai aliyezaliwa juu yake."

Nikaitikia kwa kichwa, kalamu mkononi, pua jikoni.

"Umeandika yote?"

"Yote, bibi."

Akapiga dole gumba chini ya nusu ya sheria. Mimi nikaenda kula samaki. Nilijiambia kesho nitafungua ukurasa mpya niongeze. Ile kesho, mwanangu, mpaka leo asubuhi ilikuwa haijafika.

Ungeniuliza wakati ule ningesema kuna ubaya gani, kila mtu anajua. Na walijua. Mwanamke akirudi alikuja na samaki wake, wakabanana wakampa nafasi, hakuna aliyetafuta daftari. Kisha wanaojua wakafa, mmoja mmoja, na daftari halikufa. Halafu zikaja hizi siku za ruksa. Lori likaanza kufika Matema kununua vyungu vya kupeleka Mbeya, na kutoka Mbeya sijui wapi, watu wanapanda maua ndani yake. Chungu kikapata bei. Kitu kikipata bei watu hukumbuka kuhesabiana. Bibi Ambwene alipokuwa mkuu wa shimo akatoa daftari mkobani, akaanza kutawala kwa hilo.

Aliyekuwa wa kwanza kugonga kichwa kwenye nusu yangu ni dada yangu Sekela. Shangazi yako.

Wewe ulikuwa mdogo. Alirudi kutoka huko huko ng'ambo ya Songwe unakokwenda, mume amezikwa, shemeji zake wamemnyang'anya hadi mwiko, watoto wawili mgongoni na kiunoni. Alirudi na samaki na unga, kama alivyoona akina mama wakifanya. Akaviweka mbele ya wanawake. Bibi Ambwene akafungua daftari, akamwita mjukuu wake mwenye kusoma, likasomwa. Chungu kinavunjwa, mahali pake anapewa mwingine. Basi. Halikuwa na neno jingine.

Sekela akasema, "Hiyo ni nusu. Iko nyingine."

"Iko wapi?"

Akageuka, akanitazama. Nilikuwa nimesimama juu, ng'ambo ya mpaka wa wanaume, nikijidai natengeneza kasia. "Kaka, wewe ndiye uliyeandika. Sema."

Atuganile, nimevua ziwa hili wakati wa mawimbi ya kuzamisha watu. Nimemtukana mwenyekiti mbele ya mwenyekiti mwenzake. Siku ile neno moja lilinishinda. Wanawake arobaini wananitazama, wote wananiita Karani, na ili nimwokoe dada yangu ilibidi niseme: sheria yenu mnayoishika kama Biblia niliikata katikati kwa ajili ya tumbo.

Nikasema, "Kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa."

Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno. Nilijisikia mkubwa nilipoyasema, na mbwa tu nilipofika nyumbani. Sekela hakulia wala hakunitukana. Aliwachukua samaki wake, maana hawakuliwa, akaenda Kyela, akapanga chumba karibu na soko, akapika vitumbua vya mchele. Mara moja nilimkuta sokoni amesimama mbele ya wanawake wetu, ananunua chungu. Anauliza bei. Fundi aliyefinyanga kuliko mama yako, na mama yako akisoma hapa atanisamehe, anauliza bei ya chungu! Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi dada yangu hata gae tulimnyima.

Sasa subiri, jambo halikuishia hapo.

Miaka miwili iliyopita alikuja yule mtu wa matofali, unamkumbuka, yule wa suti na kandambili. Alikuwa amepima udongo wetu, akaupenda, akataka kujenga tanuri la matofali na vigae hapo chini ya mlima. Hakuja na bunduki, alikuja na afisa mwenye faili. Mkutano ulifanyika hapa hapa ufukweni. Afisa akasimama. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hao wenye adabu ndio hatari.

Akasema, "Wazee wangu, akina mama. Kisheria hakuna kitu kinachoitwa ukoo. Kuna mtu, kuna kijiji, kuna serikali. Shimo hili halina hati. Mwananchi yeyote anayeonyesha kwamba ana sehemu yake binafsi, ana haki ya kuimiliki, na akitaka, kuiuza. Hiyo ni haki ya mtu binafsi. Ndiyo maendeleo."

Bibi Ambwene akamjibu, "Na haki yetu sote je?"

"Ninyi sote ni nani, bibi?"

Aliuliza kwa upole. Unawezaje kujieleza kwa mtu ambaye faili lake halina mstari wako?

Kumbe yule wa suti alikuwa amefanya kazi yake. Alikuwa amemtafuta mtu mmoja mwenye kinyongo. Akamshusha kwenye mtumbwi: shangazi yako. Amevaa vizuri, amepakwa mafuta. Mpango ulikuwa aseme pale mbele ya afisa kwamba ana sehemu shimoni, alidhulumiwa, aiandikishe kwa jina lake, kisha amuuzie. Mguu mmoja ukishaingia mlangoni, mwili wote unafuata. Moyoni nikasema tumekwisha, na tumestahili. Kama ningekuwa yeye ningetia sahihi kwa mikono yote miwili, na mguu.

Afisa akamuuliza, "Mama, ni kweli una sehemu yako hapa?"

"Ninayo."

Wanawake wakaguna. Bibi Ambwene akatema ugoro.

"Na ulinyimwa?"

"Nilinyimwa. Na hawa hawa. Yule pale ni kaka yangu, yule aliyejificha nyuma ya ndoo."

Nilikuwa nyuma ya ndoo.

"Basi tia sahihi hapa."

Sekela akaiangalia karatasi kama mtu anayeangalia samaki aliyelala siku mbili. Akasema, "Mahali pa kuchimba ni pangu. Nilipewa na mama, na mtu hawezi kuniondolea kwa kusoma daftari. Lakini udongo si wangu. Mahali pangu sikupaacha, na udongo wao siuzi. Wewe kijana unanitaka niseme kimoja ili nipoteze kingine." Akamrudishia kalamu. "Halafu kalamu yenyewe haina wino."

Haikuwa na wino kweli. Watu wakacheka hadi afisa akacheka. Yule wa suti hakucheka, aliondoka, na nauli ya kurudi Kyela hakumpa. Shimo likapona. Ngoma zikapigwa, kimpumu kikanywewa kwenye mirija hadi wazee wakasahau nyumba zao. Bibi Ambwene mwenyewe alimshukuru Sekela, "Ndaga fijo, mwanangu, umetuokoa."

Sekela akasubiri. Nami nilikuwa pale. Alisubiri mtu aseme: basi rudi, funika chungu chako. Bibi akaangalia daftari lake. Mimi nikaangalia mrija wa pombe. Kulipokucha akatembea kwa miguu hadi Matema kutafuta gari.

Alikufa masika yaliyofuata, malaria, Kyela. Ulikwenda msibani, uliona. Maji ya msiba yalichotwa kwa ndoo za plastiki.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba haki ya wengi ndiyo kubwa, namwonyesha kaburi la dada yangu. Akiniambia kwamba haki ya mtu mmoja ndiyo kubwa, namwonyesha yule wa suti na kalamu yake kavu. Siku hizi vyama vingi vimeingia, magari yanapita Matema na vipaza sauti, hili linapiga kelele ya mtu binafsi, lile la umma, vumbi ni lile lile. Mimi na darasa langu la nne na nusu siwezi kulipanga jambo hili likakaa. Najua tu kwamba mtu aliyelibeba lote kichwani pasipo kulimwaga alikuwa muuza vitumbua, na tulimwacha atembee kwa miguu.

Ulipotuletea Yona, jambo la kwanza nililoliona si masikio yake. Nilikiona chungu chako.

Nikamwambia mama yako kwamba siku ya kukivunja nitakwenda kukikalia. Akasema, "Utalipishwa faini." Nikasema najua. Akasema, "Utatuaibisha." Nikasema hilo nalijua zaidi. Akafikiri, akasema, "Basi vaa suruali nzima." Ndiyo ruhusa aliyonipa, na ndiyo maana asubuhi hakugeuka kuniangalia mlipopanda mtumbwi. Alikuwa anajizuia kucheka. Au kulia, kwa mama yako huwezi kujua kwa kumwangalia mgongo.

Nikaingia shimoni. Miaka sabini sijawahi kukanyaga pale. Ni pazuri, hukuniambia. Pana ubaridi, na udongo una harufu ya mvua isiyokwisha. Chungu chako nilikijua kwa ile mistari ya kidole unayoweka shingoni, iliyopinda kidogo kushoto. Nikakaa.

Wakaja, kama kumi na watano, Bibi Ambwene mbele na mchi begani.

"Karani. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Ugonile, bibi."

"Usinisalimie ukiwa hapo. Ondoka."

"Siondoki. Vunja nikiwa juu."

Mmoja nyuma akasema, "Atakivunja mwenyewe kwa uzito!" Mwenzake akamjibu, "Uzito gani? Yule amebaki mifupa na maneno."

Nikawaambia. Sikuipamba. Nikasimulia kinu, jicho moja la kikongwe, ukurasa ulioisha, mbasa, wali. Nusu ya kwanza niliyoiandika na nusu ya pili niliyoiacha. Nikamtaja Sekela kwa jina. Nikasema yale maneno yangu ya siku ile, kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa, kwa sauti ile ile ya kujidai, wajue nilivyokuwa.

Kisha Bibi Ambwene akauliza, taratibu, "Kwa hiyo sheria ya mama yangu uliila na wali?"

"Niliila na wali, bibi."

"Na miaka yote hii mimi nimekuwa natawala kwa mifupa ya samaki?"

Hapo walicheka baadhi, yeye hakucheka. Kutoka nyuma akajitokeza yule bibi mdogo wa nyumba ya mwisho, asiyeongea kamwe, akasema, "Ni kweli anavyosema. Mama yangu alirudi kutoka Unyakyusa, wakabanana wakampa nafasi. Nilikula samaki wale, nilikuwa mtoto."

Bibi akamgeukia. "Na siku ya Sekela hukusema!"

"Daftari lilisema vingine. Mimi ni nani nibishane na daftari?"

Mwanangu, hilo lilinichoma kuliko faini. Nilidhani nilinyamazisha ukurasa mmoja. Kumbe nilinyamazisha na vinywa.

Usifikiri Bibi Ambwene ni mtu mbaya. Aliniambia jambo ambalo mpaka sasa sina jibu lake lote. "Sikiliza, Karani. Wote walioolewa nje wakirudi, shimo litatosha? Na waume zao? Leo ni Atuganile, kesho ni huyo Yona ameshika kiuno ukingoni anasema mke wangu ana sehemu hapa. Yule wa suti alishindwa kwa sababu wa nje hakuwa na mguu ndani."

"Alishindwa," nikasema, "kwa sababu wa ndani mliyemweka nje hakuwauza."

"Mliyemweka?"

"Tuliyemweka. Mimi wa kwanza."

Akausimamisha mchi chini, akauegemea. Makalio yangu yalikuwa yameanza kufa ganzi, lakini sikusogea hata kidogo, nilijua nikisogea nimekwisha. Mwishoni akatoa daftari mkobani, akanirushia kifuani.

"Andika. Nusu iliyobaki. Na chini yake andika na hili: aliye ndani hauzi udongo, aliyerudi hauzi udongo, na mume wa mtu hana sauti shimoni."

Niliandika juu ya goti langu, nimekaa hapo hapo juu ya chungu chako. Akaniamuru nisome mara tatu. Kisha akamwita mkwe wake aliyemaliza darasa la saba, akaisoma naye, mbali nami, wakinong'ona. Hawaniamini tena. Vizuri. Mtu mwenye kalamu asiaminiwe peke yake.

Akapiga dole gumba. Wengine wakapiga. Wanne walikataa, wakaondoka wakisonya, na majina yao sikuambii kwa sababu kesho watakuja kukuaga na utakuwa umekunja uso.

Nikauliza, "Na chungu hiki?"

"Leo sikivunji. Lakini sitampa mtu haki kwa sababu baba yake ana makalio magumu. Akiitaka aje aiombe kwa kinywa chake, na samaki na unga, kabla masika mawili hayajapita. Asipokuja nitakivunja mwenyewe, na wewe utanishikia mkoba."

Faini yangu ni jogoo, kwa kukanyaga. Ni yule mwekundu. Najua mlikuwa mmempangia kwenda Karonga na wewe. Mwambie Yona baba mkwe amemtoa jogoo kwa sababu za kisheria.

Sikuombi urudi kuishi. Kaa Karonga, zaa, nenepa, uza betri. Lakini njoo ulitie mdomoni mwenyewe lile neno nililolimeza. Haki hiyo siwezi kukuombea. Nimejaribu leo, na bibi amenirudisha, na alikuwa sahihi, mchawi yule. Ukija, wale wanne watakusimanga. Wasimange. Sema ulichokuja kusema, kula nao, na ukipewa nafasi ndogo, chukua hiyo ndogo, usiende kumnyang'anya jirani.

Na huko uendako watakuambia, hapa kwetu desturi ni hii. Heshimu, ni watu wa heshima, Kingonde chao hata utakielewa. Lakini uliza kwa adabu, na nusu yake nyingine ikoje? Mara nyingi ipo. Kuna mtu aliiacha, alikuwa na njaa. Na akija mwenye suti akikuambia hawa wamekuonea, wewe ni wewe, tia sahihi hapa, angalia kwanza kama kalamu ina wino, kisha umkumbuke shangazi yako.

Nasikia kasia. Kama si nyinyi ni walewale wanne wanarudi kunitukana upya. Nafunga.

Barua hii nimeiandika kwenye karatasi za nyuma za lile lile daftari. Bibi Ambwene alinipa mwenyewe, akasema heri uzimalize zote usipate pa kuandika upuuzi mwingine. Usizitupe.

Jambo la mwisho. Nilikaa juu ya chungu chako tangu saa nne hadi saa nane, mzee mzima, na mifupa yake, na maneno yake. Nilipoinuka nilikigonga kwa kidole, nikainama nikasikiliza. Kililia vizuri. Hakina ufa.

Baba yako,
Karani